Hakuna gundi kwenye kitambaa kilichochapwa kwa 3D

Nilimpelekea fundi viatu wa Sabasaba, hapa Dodoma, kipande cha kitambaa chenye maua ya plastiki yaliyochapwa kwa printa ya 3D, mashine inayojenga kitu kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka. Akakikunja, akakikwangua kwa ukucha, akacheka: "Gundi hiyo, kaka. Mvua moja tu, yanabanduka."

Wengi wanaamini hivyo, ila gundi haimo kabisa. Printa huyeyusha plastiki kwa nyuzijoto 200 hivi au zaidi, kisha huiminya kupitia tundu jembamba, mara nyingi la milimita 0.4. Tabaka la kwanza likikandamizwa vizuri, plastiki ingali laini hupenya kati ya nyuzi za kitambaa. Ikipoa, inazing'ang'ania kama udongo unavyoshika fito za tembe la Kigogo.

Ndiyo maana wavu wa shela hushika kuliko satini: una matundu. Tena kwenye wavu kuna ujanja: unachapa matabaka machache, unasimamisha printa, unatandika wavu juu yake, unaendelea. Plastiki ya juu inaungana na ya chini kupitia matundu, na wavu unabaki katikati kama nyama ndani ya sambusa.

Kubanduka kupo, sikatai. Tundu la printa likiwa juu mno, au kitambaa kikilegea, plastiki inakaa juu juu tu. Kiatu nacho hukunjwa kila hatua, hivyo kinataka TPU, aina ya plastiki inayonyumbulika kama raba. PLA, plastiki nyingine ya printa hizi, ni ngumu, hupasuka. Tena PLA hulainika kwenye nyuzijoto 60 hivi, kwa hiyo usiipige pasi, wala usiiache kwenye dashibodi gari likiwa juani.