Kabla hujanunua mashine, jiulize majitaka yataenda wapi

Msimu wa kahawa ukianza mkoani Kilimanjaro, simu zinazoingia ofisini kwetu sisi wa mazingira hubadilika. Wakati wa masika watu hupiga kuulizia vibali. Kuanzia Agosti hupiga kulalamika: maji ya mfereji yamekuwa na rangi ya chai, ng'ombe wameyakataa, harufu imeingia hadi madarasani. Wakati huohuo maombi ya kuanzisha viwanda vidogo kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Upare yanazidi kuongezeka. Wapo wa kumenya kahawa, wa kukamua mafuta ya parachichi, wa mvinyo wa ndizi, wa tangawizi ya Same, wa maji ya chupa na wa nyumba za kulala watalii. Makala haya ni ya wote wawili, anayelalamika na anayeomba, kwa kuwa mara nyingi wanaishi kata moja na kila mmoja ana hoja.

Niseme mapema kwamba wataalamu wa mazingira hatupingi viwanda. Vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, vimegawiwa watoto na wajukuu hadi vimebaki vipande, na kijana wa Rombo au Hai hawezi kujenga maisha kwa migomba thelathini. Mazao yakiuzwa ghafi, faida ya kuyasindika inabaki kwa wengine. Viwanda tunavihitaji, na vingine vinafaa viwe hukuhuku karibu na shamba. Tunachouliza ni kitu kimoja, na tunakiuliza mapema: maji utayatoa wapi, na ukishayatumia yataenda wapi?

Watu wengi wanaamini mito yetu inatoka kwenye barafu ya Kibo. Barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912 na inaumiza kuiona, lakini mchango wake kwenye mito ni mdogo sana. Maji ya Karanga, Weru Weru, Kikafu na Rau yanatokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, hasa upande wa kusini, kwenye mwinuko wa kama mita 2,000, ambako mvua ni nyingi kuliko kwingine kote mlimani. Hii ni sababu mojawapo ya msitu kuingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, pamoja na ule ukanda wa nusu maili wa ukingoni mwa msitu ambao wazee bado wanausema kwa uchungu, maana ndiko walikokata majani na kuokota kuni. Mtu akiniambia kwamba theluji ikiisha maji nayo yataisha, kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaika na kiwanda kimoja, huwa napata shida kumjibu kwa upole. Maji yetu yanapotea kwa miti kukatwa kwenye vyanzo, na yanayobaki yanaharibiwa na tunachokimwaga.

Tena mlimani hakuna mahali pa kusema "huko ni mbali". Kibo ina mita 5,895. Moshi mjini haifiki mita 1,000. Kinachomwagwa Kibosho au Machame kinashuka. Kinapita kwenye mifongo, ile mifereji ya asili, ya majirani wanaonywesheleza migomba na kuchota ya kufulia, kinafika tambarare kwa wakulima wa mpunga na mboga, kinaingia Bwawa la Nyumba ya Mungu wanakovua watu, kisha Mto Pangani wenye mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Rombo, ambako mito ya kudumu ni michache, chanzo kimoja kikichafuliwa hakuna cha pili cha kukimbilia.

Nichukue kahawa, maana ndiyo inayotuletea malalamiko mengi. Utetezi tunaousikia kila mwaka ni huu: "Maji ya kahawa ni maji ya matunda tu, hayana kemikali." Ni kweli hayana kemikali za kiwandani. Yana sukari na ule utelezi unaozunguka punje, na hivyo ni chakula kizuri mno cha bakteria. Bakteria wakikipata mtoni huongezeka haraka na kutumia oksijeni yote iliyomo majini. Samaki na wadudu wa majini hufa, maji huchacha na kuwa makali kama siki, kisha ndipo harufu inapoanza. Kanuni za Viwango vya Ubora wa Maji za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayoingia mtoni yasiwe na mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia, yaani oksijeni ambayo bakteria wataitumia kuuozesha uchafu uliomo, yanayozidi miligramu 30 kwa lita. Majitaka mabichi ya kumenya kahawa husoma maelfu. Jambo jingine linalosahaulika ni kalenda: kahawa ya Kilimanjaro inaiva Julai na kuendelea, mito ikiwa imepungua. Uchafu uleule ambao mwezi wa nne ungechanganyika na maji mengi, mwezi wa tisa unakuta mto ni kijito.

Habari njema ni kwamba tatizo hili linatatulika, na suluhisho lake lina faida kwa mwenye kiwanda. Mtambo wa zamani wa kumenya na kuosha unaweza kutumia hata lita 40 za maji kwa kila kilo ya kahawa. Mitambo ya kisasa inayoondoa utelezi kwa msuguano inashuka hadi karibu lita moja. AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) au mwekezaji anayetumia maji kidogo anajenga bwawa dogo la majitaka, anapampu kidogo, analipia maji kidogo. Anayetumia maji mengi atahitaji mabwawa makubwa, na mlimani eneo la tambarare la kuchimba mabwawa makubwa halipo. Likiwepo ni la mtu na bei yake mnaijua. Ndiyo maana tunasema uamuzi wa mazingira unafanyika siku unapochagua mashine. Ukishailipia na kuifunga, sisi wote tunabaki kutafuta viraka.

Maganda ya kahawa mbivu ni takriban asilimia 40 ya uzito wa tunda. Yakilundikwa kando ya mto, mvua ya vuli itayasomba yote. Yakichanganywa na samadi na kugeuzwa mara kwa mara, ni mboji inayorudi kihambani, na wakulima waliokupa kahawa wanaihitaji kuliko wewe. Kuhusu nishati nitapita haraka. Ukitaka kuendesha boila kwa kuni, utaulizwa kuni zinatoka wapi na risiti ya nani. Pumba za viwanda vya kukoboa kahawa zinaungua vizuri, na kule Arusha Chini kiwanda cha sukari cha TPC kinazalisha umeme kwa makapi ya miwa yake mwenyewe. Angalia kwanza unachokitupa.

Sasa utaratibu, na naomba usomwe hadi mwisho kwa sababu hapa ndipo watu wanapokwama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, Sura ya 191, inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza au kupewa fedha. Hatua ya kwanza ni kusajili mradi kwa njia ya mtandao. Mradi husajiliwa ukiwa na andiko fupi, uthibitisho wa umiliki wa ardhi na mchoro wa eneo wenye koordineti. Mradi hupangiwa kundi. Kanuni za Tathmini za mwaka 2005, zilizorekebishwa mwaka 2018, zina kundi A, ambalo tathmini kamili ni lazima. Kundi B1, la miradi ya katikati ambayo inaweza kuhitaji tathmini kamili au isihitaji. Kundi B2, ambalo tathmini kamili si lazima. Na miradi maalumu. Kundi hupangwa na mamlaka ya mazingira kwa kuangalia aina ya mradi, ukubwa wake na mahali ulipo. Halipangwi na mwenye mradi, wala na fundi wake, wala na rafiki yake aliyejenga kitu kama hicho mkoa mwingine.

Ikihitajika tathmini kamili, unamwajiri mtaalamu elekezi aliyesajiliwa. Uliza namba yake ya usajili na uithibitishe, kwa sababu wapo wanaochukua fedha na kunakili taarifa ya mradi wa pwani, hadi mikoko inatajwa kwenye kiwanda cha Marangu. Mtaalamu huandaa hadidu za rejea, yaani maelezo ya yale atakayoyachunguza, zikikubaliwa anafanya utafiti, anakutana na wadau wakiwemo wananchi wa eneo hilo, kisha anaandika taarifa yenye mpango wa usimamizi wa mazingira. Wakaguzi hutembelea eneo. Kamati ya wataalamu hukaa na kuhoji, marekebisho hufanyika, na ndipo mapendekezo hupelekwa kwa ajili ya uamuzi wa kutoa cheti cha mazingira au kukataa. Cheti kina masharti. Masharti hayo ni sehemu ya cheti. Hayako pale kujaza ukurasa. Ukiuza kiwanda, wewe na mnunuzi mnatoa taarifa kwa maandishi ili cheti kihamishwe, la sivyo mnunuzi anaendesha kiwanda kwa cheti kisicho chake.

Kibali cha maji ni kitu kingine. Bodi ya Maji Bonde la Pangani, iliyopo Moshi, ndiyo inayotoa kibali cha kutumia maji na kibali cha kutiririsha majitaka kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Ni vibali viwili. Wengi wanacho cha kwanza na wanashangaa kuulizwa cha pili.

Adhabu nazitaja kama zilivyoandikwa kwenye Sheria ya 2004. Kukiuka matakwa ya tathmini ni kosa lenye faini isiyopungua shilingi 500,000 na isiyozidi milioni 10, au kifungo cha miaka miwili hadi saba, au vyote viwili. Kuchafua mazingira kuna faini isiyopungua shilingi milioni 3 na isiyozidi milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka 12, au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru mchafuzi alipe gharama zote za kusafisha. Zipo pia amri za kusimamisha shughuli na amri za kurejesha eneo katika hali yake. Anayekiri kosa anaweza kufifilishiwa, yaani kulipa faini bila kesi kwenda mahakamani, kwa utaratibu uliowekwa kisheria, lakini kufifilishiwa kosa hakukupi ruhusa ya kuendelea kumwaga. Hatufurahii kufunga kiwanda katikati ya msimu. Wafanyakazi wa kuchambua kahawa vichanjani, wengi wao akina mama, ndio wanaokosa ujira siku hiyo.

Kuna dhana nyingine ambazo lazima nizitaje. Muhtasari wa mkutano wa kijiji ni muhimu, lakini hauchukui nafasi ya cheti. Leseni ya biashara pia haichukui nafasi hiyo. Sheria yenyewe inasema kupewa leseni au kibali kingine hakukupi haki ya kuendesha mradi unaotakiwa kufanyiwa tathmini bila cheti. Kiwanda cha marehemu baba kilichojengwa kabla ya mwaka 2004 hakijasamehewa. Chenyewe kinafanyiwa ukaguzi wa mazingira, na ukaguzi huo mara nyingi humsaidia mmiliki kugundua anapopoteza maji na umeme.

Halafu zile mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria hiyo ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Zinahesabiwa kuanzia ukingoni, si katikati ya maji, na wala si kutoka pale maji yalipofikia wakati wa kiangazi. Najua vihamba vingi ni vipande vyembamba kati ya makorongo mawili, na ukipima pande zote hakibaki kitu. Namwelewa mwenye kihamba cha namna hiyo na sina raha kumwambia, ila jibu ni kwamba hapo si mahali pa kiwanda. Akitafuta eneo pamoja na wenzake, au akaungana na AMCOS iliyo juu ya barabara, atajenga kitu kitakachodumu. Wapo pia wanaosema mfongo si mto, kwa hiyo wakimwaga humo wamefuata sheria. Mfongo umetolewa mtoni na unaishia nyumbani kwa mtu. Kuuchafua ni kuchafua maji, na majirani wanaogawana zamu za mfongo huo watakuwa wa kwanza kutupigia.

Na kupanda miti mia moja getini siku ya uzinduzi hakukifanyi kiwanda kuwa rafiki wa mazingira. Miti tunaipenda, ipandeni. Lakini mkaguzi akija atapita getini, ataenda moja kwa moja nyuma ya jengo, mahali bomba linapotokea.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa kianzio cha mashine, njoo na mchoro wa eneo hata kama umechorwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, na makadirio ya lita za maji kwa siku ya kilele cha msimu. Unaweza kuanzia kwa ofisa mazingira wa halmashauri yako. Kwa mnaolalamika, andikeni tarehe, saa na mahali mlipoona maji machafu yakiingia, na mpige simu siku hiyohiyo. Sampuli inatakiwa ichukuliwe maji yakiwa bado yanatiririka. Wiki mbili baadaye tutakuta mto umeshajisafisha na mwenye kiwanda akituonyesha ng'ombe wakiyanywa maji yake.