Ghana kwa miguu: usiende Mole ukiitafuta Serengeti

Kila nikirudi kutoka Accra naulizwa swali lilelile: "Kumbe na Ghana kuna mbuga?" Zipo, na nzuri. Kazi yangu ni kuongoza watalii, kwa miaka kumi na minne sasa, zaidi Tarangire na Serengeti. Tangu 2017 nimekwenda Ghana mara tano, mara tatu nikiwa na vikundi vya Watanzania na Wakenya. Anayekwenda kule ili ahesabu wanyama akiwa amesimama ndani ya gari lenye paa wazi atarudi amenuna. Anayekubali kushuka, kutembea, na kukaa na watu wanaoishi na wanyama hao, huyo nimemwona akirudi na furaha ambayo kwetu huku sijui ningempatia wapi.

Tuanze na Mole. Itamke kama inavyoandikwa, Mo-le. Ndiyo hifadhi kubwa kuliko zote nchini humo, kilomita za mraba zipatazo 4,800. Ilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1958, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1971. Unapanda ndege Accra hadi Tamale kama saa moja, kisha gari saa mbili na ushee. Wanyama wake utawafahamu kwa majina: tembo, nyati, kuro, korongo, kongoni, pongo, ngiri, nyani. Mgeni kwako atakuwa kobu, swala wa rangi ya kahawia, ndugu wa karibu wa sheshe wa bonde la Kilombero. Twiga hayupo, wala pundamilia, wala nyumbu.

Simba je? Usimtarajie. Simba wengi waliobaki Afrika Magharibi wako kwenye hifadhi za W (jina lake ni herufi hiyo tu), Arly na Pendjari, pale Benin, Burkina Faso na Niger zinapokutana, na huko vikundi vyenye silaha vimeingia. Mwaka 2022 askari wa hifadhi waliuawa ndani ya W, upande wa Benin. Kwa sasa simpeleki mtu huko.

Raha ya Mole ni miguu yako. Saa moja asubuhi mnakusanyika, mnaazimishwa gambuti, mnapewa askari mmoja mwenye bunduki, mnateremka genge kwa mstari. Mara ya kwanza sikuelewa gambuti za nini wakati wa kiangazi. Nilielewa tulipofika chini: nyayo za tembo walizokanyaga kwenye tope wakati wa mvua zilikuwa zimekauka zikawa mashimo magumu kama ya zege, kila moja likiweza kumeza mguu hadi juu ya kifundo. Tulitembea tukiangalia chini, kwa hiyo aliyemwona tembo kwanza alikuwa askari. Aliinua mkono, akachota vumbi kiganjani, akaliachia taratibu. Lilielea kutuelekea sisi. Ndipo akatusogeza hadi nyuma ya mti mmoja wa shea.

Tembo dume alikuwa peke yake ukingoni mwa bwawa, kama mita hamsini hivi. Kutoka kwenye gari, injini ikinguruma na watu wakipiga picha, hujapata kusikia tembo anavyokunywa. Nilisikia pumzi ikiingia mkongani, kimya kifupi, kisha maji yakimiminika kooni kama mtu anayejaza pipa. Mama mmoja wa Moshi, ambaye amewaona tembo tangu utoto wake, alinishika mkono akaninong'oneza, "Mwanangu, sikujua ni mkubwa hivi." Ukisimama ardhini naye, kimo chake unakipima kwa kimo chako mwenyewe.

Nenda kati ya Januari na Aprili mwanzoni. Wakati huo mabwawa madogo yamekauka na wanyama hawana budi kuja kwenye maji yaliyo chini ya genge. Desemba hadi Februari upepo wa hamatani huleta vumbi la Sahara. Mbali hapaonekani vizuri na midomo hupasuka, lakini wanyama wapo. Safari yangu ya pili nilimwamini wakala aliyeniambia msimu wowote unafaa. Tulikwenda Agosti. Nyasi zilitupita vichwani, na kwa siku tatu wateja wangu waliona ngiri wa kambini, nyani, na migongo ya kobu wawili. Niliwarudishia sehemu ya fedha, na sijauza tena Mole ya Agosti.

Njiani usipite Larabanga bila kusimama. Pana msikiti wa udongo uliopakwa chokaa, magogo yakichomoza kutani, ambao mapokeo yanasema ulijengwa 1421. Ndani huingia Waislamu peke yao. Wengine hutazama kutoka nje, na inatosha.

Sasa mahali ninapopapenda kuliko pote: Boabeng na Fiema, vijiji viwili jirani katika eneo la Nkoranza, na msitu mdogo unaovizunguka. Hapo kuna kima wadogo waitwao mona na kuna mbega. Mona hukaa na watu kama kuku. Nimemwona mmoja akiingia jikoni kwa mlango, akatoka na kipande cha muhogo, mama mwenye jiko akamkaripia kama anavyomkaripia mtoto, na hakuokota hata jiwe. Mbega wao ni tofauti na wetu wa Meru: hana lile joho refu jeupe linaloning'inia ubavuni, weupe wake umekaa mapajani na kuzunguka uso, na mkia wote ni mweupe. Hushuka kwa nadra, kwa hiyo andaa shingo. Jamii hii ya mbega ipo kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani, na pale unaitazama juu ya nyumba za watu.

Imesalimika kwa mwiko. Wenyeji wanawaita wanyama hawa watoto wa miungu yao, Daworo wa Boabeng na Abodwo wa Fiema. Haikuwa kazi rahisi. Miaka ya 1970 waumini wa dhehebu moja jipya walianza kuwaua ili kuonyesha kwamba hawaogopi mizimu, na wazee wakaenda kudai sheria ndogo ya halmashauri, iliyopitishwa 1975. Wahifadhi tunapenda kudhani kwamba sheria ndiyo inayotangulia, watu wakafuata. Hapo watu walitangulia kwa vizazi, na sheria waliiomba wao wenyewe. Mona au mbega akifa huzikwa, kwa sanda nyeupe na jeneza dogo. Nilipoonyeshwa makaburi yale, kikundi changu, chenye Waislamu na Wakristo, kilivua kofia bila kuambiwa.

Kakum, karibu na Cape Coast, ina watu wengi mno. Kila mtu hukimbilia madaraja yake ya kamba juu ya miti, saba kwa jumla, mita 350, yaliyofunguliwa 1995. Fika getini kabla ya mabasi ya wanafunzi. Vinginevyo utasikia vifijo tu. Tembo wa msituni wamo, ila usitegemee kumwona. Wechiau, mbali kaskazini-magharibi, wanakijiji wenyewe wanaendesha hifadhi ya viboko tangu 1999, kwenye mto Volta Nyeusi, na unapigiwa kasia kwa mtumbwi. Ng'ambo ya mto ni Burkina Faso, kwa hiyo ulizia hali ya usalama kwanza.

Jambo la mezani. Barabarani utauziwa nyamapori, na utaambiwa ni ndezi, ambaye kwa Kitwi, lugha ya huko, anaitwa akrantie na anapendwa sana. Sheria yao inafunga uwindaji kuanzia tarehe 1 Agosti hadi 1 Desemba, na ndezi pekee ndiye anayeachiwa, tena kwa kibali. Wapo wanaomfuga, lakini mgeni hana njia ya kujua nyama iliyochomwa ilitoka wapi. Mimi huwaomba wateja wangu waiache, wale samaki wa tilapia na banku, ugali wa mahindi na muhogo uliochachushwa.

Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana bila hiyo uwanja wa ndege utakusumbua. Beba dawa za malaria, nguo zisizo za buluu wala nyeusi kwa sababu ya mbung'o, na soksi ndefu za kuvalia gambuti. Na ukifika Tamale, mtu akikuamkia asubuhi "dasiba", itikia "naa", kisha subiri. Salamu zao ni ndefu kama zetu, na ukizikatiza hutapata askari mwenye hamu ya kukuongoza.