Mita yako haizungumzi na mtu

Juzi baada ya Isha niko barazani Jang'ombe, hapa Unguja, kikombe cha kahawa mkononi, mara umeme ukazimika mtaa mzima. Kijana mmoja akatoa simu apige dharura. Ami mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, akamzuia. "Usipoteze vocha yako. Mita za siku hizi janja, ofisini washaona."

Nikamwambia, "Ami, hawajaona."

Akacheka. "Na wewe si ndiyo kazi yenu hiyo?"

Ndiyo kazi yetu. Mwaka wa 12 huu nafunga na kutengeneza mawasiliano ya vituo vya umeme, na sentensi ya ami nimeshaisikia sokoni, harusini na mara moja msibani. Leo naiandika, ili atakayeniuliza tena nimtumie kiungo mie ninywe kahawa yangu.

Mita ya kawaida ya Tukuza, hii ya kulipia kabla uliyonayo ukutani, haina modemu, haina antena, haina laini ya simu. Haijui kama umelipa, na ofisi haijui kama umeingiza. Unaponunua umeme, kompyuta ya mauzo inachukua idadi ya yuniti na dakika uliyonunulia, inavifunga kwa ufunguo wa siri wa mita yako peke yake, inakupa tarakimu 20. Basi. Ujumbe huo haupiti hewani wala kwenye waya. Unabebwa na kidole chako. Mita inafungua fumbo, inaona ile dakika haijawahi kutumika, inakuongezea yuniti. Ndiyo maana tokeni ya jirani haikubali kwako, na ya kwako haikubali mara ya pili. Ni kazi nzuri mno ya watu wenye akili, na uzuri wake wote ni kwamba haihitaji mtandao. Sasa mtu akiniambia ni janja kwa sababu ina kioo na vitufe, hata kikokotoo cha muuza duka kina kioo na vitufe.

Najua atatokea mbishi: "Mbona ya kwangu mita iko juu ya nguzo na vitufe viko ndani?" Kweli, zipo za vipande viwili, na vipande hivyo vinaongea kwa waya ule ule wa umeme au kwa redio. Lakini mazungumzo yao ni ya nguzoni na chumbani kwako. Hayafiki ofisini.

Ushahidi mnao wenyewe, ila mmesahau. Mfumo huu wa tokeni, STS, unahesabu dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya kuandikia dakika hizo ni biti 24, yaani dakika 16,777,216. Zikaisha tarehe 24 Novemba 2024. Kila mita duniani iliyokuwa ikitumia hesabu hiyo ikabidi ianzishiwe hesabu upya kabla ya siku hiyo. Ilifanywaje? Wateja wakapewa tokeni za ziada, mistari ya tarakimu 20, waingize wenyewe kabla ya ile ya umeme. Mie nilimwingizia shangazi yangu Bububu, yeye anasoma kwa sauti, mie nabonyeza, tukikosea moja tunaanza upya. Ingekuwa ofisi inaweza kuongea na mita, kazi ile ingefanywa usiku mmoja mmelala.

Turudi barazani, maana hapa ndipo panaponiudhi hasa. Watu wanadhani umeme ama unaonekana wote ama hauonekani kabisa. Hapana. Laini kubwa kwa kawaida zinaonekana. Kituoni kunakuwa na kifaa kinachosoma volti, ampea na hali ya kila breka, kinapeleka kwenye chumba cha udhibiti, na mfumo unaokusanya yote hayo ndio SCADA. Fidha, yaani laini inayotoka kituoni kulisha mitaa, ikianguka (breka yake ikijikata), kengele inalia pale pale. Chini ya hapo, kutoka transfoma ya mtaani mpaka jikoni kwako, mara nyingi ni giza tupu la habari.

Usiku ule ilikuwa fyuzi ya transfoma. Fidha haikuanguka, breka imekaa vizuri, kwenye kioo cha mwendeshaji kila kitu salama. Transfoma ya kVA 100 kwenye laini ya kV 11 ikibeba mzigo wake wote haizidi ampea 5 na kidogo. Ampea 5 zikipungua kwenye fidha inayovuta 100 na zaidi, mwendeshaji ataona nini? Ataona hoteli imezima viyoyozi viwili vitatu. Wala simlaumu.

Gridi janja, kwa lugha yangu, ni kuliwashia taa hilo giza la chini. Mita inayotuma na kupokea, sensa kwenye transfoma, swichi za nguzoni zinazofungwa na kufunguliwa kutoka mbali. Njia za mawasiliano zipo: mita zinarushiana redio, au zinatumia mtandao wa simu, au zinapitisha data ndani ya waya wa umeme mpaka kikusanyio kinachokaa kwenye transfoma, kwa sababu mawimbi yale hayapiti transfoma vizuri. Kila njia ina maradhi yake, sitaki kuyamaliza hapa. Ila kasi siyo shida wanayoidhania wauzaji. Mita inayosoma kila dakika 15 inatoa masomo 96 kwa siku, data ndogo kuliko video moja mnayotumiana kwenye kundi la harusi.

Kitu kizuri kuliko vyote ndani ya mita hizo ni pumzi ya mwisho. Umeme ukikatika, kuna akiba kidogo inayobaki kwenye kapasita, mita inaitumia kwa sekunde chache kusema "nimezimika". Hiyo ndiyo ami alidhani tunayo. Lakini mita 200 zikizimika kwa pamoja, zote zinapiga kelele wakati mmoja, nyingine hazisikiki. Na mnara wa simu wenyewe unaishi kwa betri. Umeme ukikatika saa nyingi, msimulizi naye anazimia.

Nina mashaka mengine ambayo kwenye mafunzo hayatajwi. Pahala nilipowahi kufanya kazi, orodha ilionyesha nyumba fulani iko transfoma ya msikitini, tukaenda tukakuta waya wake umetoka ya skuli. Mita janja ya kwenye orodha hiyo itakupa uongo kwa kasi kubwa. Na swichi inayoendeshwa kutoka mbali haichagui mkono: Desemba 2015 wavamizi waliingia kwenye mifumo ya udhibiti kule Ukraine wakafungua breka, wateja wapatao 225,000 wakakaa gizani, na wafanyakazi wakalazimika kwenda vituoni kurudisha kwa mikono.

Halafu kuna kebo. Unguja inakula kutoka Bara kwa kebo ya baharini ya kV 132, Ras Kiromoni hadi Fumba, ya kwanza ikiwa ya 1980. Ilipoharibika Desemba 2009 tulikaa miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Programu gani ingeleta umeme pale? Hakuna. Mwaka 2013 ilipoongezwa ya pili, ya MW 100, ndipo tukapumua. Lakini kebo moja ikitoka leo, mita zinazopokea amri zingeweza kumwekea kila mtu kikomo, taa na feni tu, badala ya kuzima Jang'ombe nzima ili hospitali ibaki. Hilo nalipenda sana kwenye karatasi. Kama watu watalivumilia, sijui. Shangazi ana friza mbili za barafu za kuuza.

Kwa hiyo umeme ukizimika, pigeni simu. Taja namba iliyoandikwa kwenye nguzo, ikiwa imefutika taja msikiti au duka la karibu, sema kama nyumba za upande wa pili zinawaka. Yule kijana alipiga mwishowe. Mafundi walifika, wakapandisha fyuzi, taa zikawaka, na ami akasema, "Si nilikwambia washaona?"