Kisanduku cha kijani hakimgeuzi mzee

Tena wiki hii kuna jamaa kaniambia, kwa kujiamini kabisa, ati nyumba yao ya wazee imeachana na makaratasi kwa hivyo "huduma iko juu sasa." Jamani. Mimi ni nesi, niko nasing home huku Minnesota, na hii kauli imenichosha.

Ile sheria ya Marekani ya HITECH ya 2009 ilimwagia hospitali na madaktari mabilioni wanunue rekodi za kielektroniki, sisi wa wazee ikaturuka. Kwa hivyo tulichonacho mara nyingi kimejengwa kuzunguka MDS, ile fomu ya tathmini ya kila mzee inayokwenda serikalini, yaani malipo na ripoti; CNA (msaidizi wa nesi) mwenye wazee kumi na mikono miwili hakufikiriwa.

Chukua kugeuza wazee kitandani wasipate vidonda vya kulalia. Skrini inauliza "amegeuzwa?" kila saa mbili, unabonyeza, kisanduku kinakuwa kijani. Ukichungulia muda halisi wa kubonyeza unakuta shifti nzima imejazwa saa tano kasoro usiku, wazee wote, dakika nne. Simwiti CNA mwongo, huenda aligeuza wote, huenda nusu, na hapo ndipo shida ilipo maana rekodi haiwezi kukwambia. Funua shuka uone mwenyewe: wekundu juu ya mfupa ukiubonyeza na kidole ukakataa kupauka, hiyo ni stage 1, hatua ya kwanza ya kidonda. Na kwa ngozi nyeusi kama zetu huo wekundu unaweza usiuone kabisa, unapapasa joto na ugumu, ambavyo kwenye sistimu yetu havina hata kisanduku!

Halafu ukianza kurekodi kwa uaminifu vidonda "vinaongezeka", nyota za ubora mnazopewa na CMS, idara ya serikali kuu inayosimamia nyumba za wazee, zinashuka, na mwenzako anayefumba macho anabaki na zake maana vipimo vingi vya ubora tunajiripotia wenyewe.

Penye haki niseme, kompyuta ilisaidia kwa idadi ya wafanyakazi. Tangu 2016 nyumba zinatuma CMS data za payroll, yaani saa walizolipwa wafanyakazi, na ile njaa ya watu ya wikendi ikaanikwa.

Sasa lile tusilosema mbele ya wanafunzi: hizo saa mbili zenyewe sina hakika nazo. Kuna utafiti kwenye nyumba za wazee za Marekani na Kanada, wazee wakiwa kwenye magodoro mazuri ya povu, kuwageuza kila baada ya saa tatu au nne hakukuleta vidonda zaidi. Labda wengine tunawaamsha bure usiku wa manane. Niliuliza kama tunaweza kubadilisha kwa mzee mmoja mmoja, nikajibiwa programu haikubali.