Lafudhi si lahaja, na hakuna hata moja iliyo toni

Kila inapotoka hadithi yenye mhusika wa kutoka Mtwara au Lindi, hakosekani msomaji wa kuisifia kwamba mwandishi "ametumia lahaja ya kusini, ndiyo maana toni ni ya kuchekesha". Ukifungua kurasa zenyewe, unakuta kilichofanyika ni hiki tu: mtu kawa "ntu", mtoto kawa "ntoto", na Mtwara yenyewe kawa "Ntwala". Mhusika hana neno hata moja alilolisema ambalo mtu wa Morogoro asingelisema. Kabadilishiwa herufi, basi.

Tupitishe maana haraka. Lafudhi ni namna mtu anavyotamka. Lahaja ni tawi la lugha lenye msamiati wake, matamshi yake na hata vipande vyake vya sarufi, na lina watu wa eneo fulani wanaolizungumza. Toni, kwenye fasihi, ni msimamo wa anayesimulia juu ya anachokisimulia na anayemsimulia: anadhihaki, anaheshimu, anaomboleza, anabembeleza. Wanaisimu wana toni yao nyingine, ya sauti kupanda na kushuka kwenye silabi. Hiyo tuwaachie.

Lafudhi na lahaja tumezitoa kwenye Kiarabu, na asili zake zinatenganisha mambo vizuri kuliko fasili za vitabu vya shule. Lafudhi inatokana na kitenzi cha kutema, kutoa kitu kinywani. Waarabu hukitumia hata kwa bahari inapotupa kitu ufukweni. Ni kile kinachotoka mdomoni kama sauti. Lahaja, kwenye kamusi za kale za Kiarabu, ni ncha ya ulimi, kisha usemi ambao mtu amekulia nao mpaka ukawa tabia yake. Kwa hiyo lafudhi unaweza kuisikia kwa mtu mmoja aliyekaa peke yake kwenye basi. Lahaja haina mtu mmoja. Lazima pawe na watu wanaoelewana kwayo.

Toni imepita Kiingereza, lakini shina lake ni la Kigiriki, na maana yake ya kwanza ni kukaza, kama uzi wa zeze. Hapo pana jambo ambalo msomaji wetu halioni: uzi haujikazi. Anayeukaza ni mpigaji. Hadithi ikicheka kila bibi wa Tandahimba anapofungua mdomo, bibi hana toni ya kuchekesha. Mwandishi ndiye anayemcheka.

Sasa hiyo "lahaja ya kusini". Kiswahili kina lahaja yake ya pwani ya huku, Kimgao, inayotajwa kuanzia Kilwa na kushuka kusini. Wanaoandika "ntu" hawaigusi kabisa. Wanachokiiga ni Kiswahili cha mtu aliyelelewa kwa lugha nyingine: Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua. Hizo ni lugha kamili, si matawi ya Kiswahili. Kimakonde hakina r, kwa hiyo Mmakonde akikuta r kwenye Kiswahili anaipitisha kwenye l. Hilo ni la ulimi, na ni lafudhi. Na "ntu" wala si mali ya Wamakonde peke yao. Kaa kijiweni popote pwani usikilize.

Hapo ndipo panaponiudhi. Kiswahili tunachokiandika kilichaguliwa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliitwaa Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita, lahaja ya Mombasa, kikaachwa pembeni, na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ikasimamia tahajia. Hakuna mtu anayetamka sawasawa na ile tahajia, si mhusika wa Moshi, si wa Bukoba, si msimulizi mwenyewe. Wote wana lafudhi. Mwandishi akiwaandika wote kwa tahajia sanifu na kumbakiza mmoja tu kwa herufi zilizopinda, amemwambia msomaji nani ni mtu wa kawaida na nani ni kichekesho. Hiyo ndiyo toni, na imewekwa kabla mhusika hajasema lolote la maana.

Tabia ya mhusika inakaa kwenye maneno anayoyachagua na kwa nani anayasema. Chukua mnunuzi wa kangomba, yule anayezunguka vijijini kununua korosho kwa kipimo chake nje ya mfumo wa ushirika. Anafika kwa bibi kabla ya mavuno:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetumwa au umekuja?"

"Nimekuja mwenyewe. Naona mikorosho imechanua."

"Imechanua. Bado haijaniambia kama inauzwa."

"Nisaidie tu, bibi. Na mimi nikusaidie, shule zinafungua."

"Shule umeijuaje, njomba? Nimekuambia nina mjukuu?"

Ukiacha "njomba", yaani mjomba, hakuna herufi iliyopindishwa hapo. Lakini bibi anafahamika: anauliza kwanza, hajibu kwanza. Neno "njomba" amelitoa mwishoni, pale alipomshtukia mgeni, na ndilo linalomrudisha mgeni chini. Mjomba ni neno zito huku. Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na kaka wa mama ana kauli kwenye ndoa na mali ya wapwa zake. Kumwita mtu usiyemjua "njomba" kunaweza kuwa ukarimu. Kunaweza pia kuwa kumpima: haya, ikiwa wewe ni mjomba, fanya kazi ya mjomba. Mwandishi asiyelijua hilo atamwandika baba akitoa neno la mwisho kwenye posa huko Newala, na lafudhi yote ya dunia haitamwokoa.

Na mnunuzi je? Yeye hasemi kangomba hata mara moja. Anasema kusaidiana. Neno asilolitaja limemwonyesha kuliko ambavyo ningemwelezea kwa aya nzima ya macho ya ujanja na shati la kung'aa. Mpeleke kesho yake mbele ya ofisa wa ushirika, atazungumza stakabadhi ghalani na mnada kama mtu aliyezaliwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Kubadili msamiati kufuatana na mahali na shughuli kunaitwa rejesta. Nalo ni jambo la nne, linalochanganywa na lahaja kila siku. Mwandishi mzuri anachuma hapo zaidi kuliko kwenye lafudhi, kwa sababu mtu anaijua rejesta anayoiingia na anaitumia kwa kusudi. Lafudhi humtoka tu.

(Pembeni kidogo, kwa kuwa nimetaja kununua na kuuza: Wamachinga ni kabila la Lindi, na jina la wauza bidhaa wa barabarani linatokana nao. Ile hadithi iliyozagaa mitandaoni, kwamba neno limetoka kwenye Kiingereza "marching guys", ni ya kubuniwa. Mwandishi anayemwita mhusika wake machinga anapaswa kujua kwamba kwa msomaji wa Lindi neno hilo lina ndugu.)

Sisemi lafudhi ifutwe. Kwenye jukwaa na kwenye mchezo wa redio mwigizaji ana mdomo, na akitamka vizuri mtu wa Mikindani atamtambua jirani yake na kufurahi. Hata kwenye ukurasa, neno moja lililoandikwa linavyotamkwa, mara moja, pale mhusika anapokasirika au anapolia, linaweza kufanya kazi. Ninachokataa ni kuitandaza sura nzima na kuiita ufundi wa lahaja.

Ukihakiki hadithi ya namna hiyo, basi, andika "lafudhi ya Kimakonde", au "Kiswahili cha mtu aliyelelewa kwa Kimakonde". Zote mbili ni sahihi. Ukiandika "lahaja ya Kimakonde" umesema jambo lingine ambalo nalo lipo, kwa sababu Kimakonde kina lahaja zake. Mzee wa Newala atadhani unaulizia Chinnima, mojawapo ya hizo, na atakuwa na haki ya kukujibu kwa hiyohiyo.