Otomesheni kiwandani ni kitu gani hasa?

Watu wengi wakisikia otomesheni wanawaza roboti lenye mikono, kumbe kiwanda kisicho na roboti hata moja kinaweza kuwa na otomesheni, na chenye mashine kubwa za kutisha kikawa hakina. Mashine ya kawaida inakupunguzia nguvu tu, macho na akili bado ni zako, wewe ndo unawasha, unaangalia, unazima. Otomesheni inaanza pale mashine inapopima yenyewe, halafu ikaamua yenyewe kutokana na ilichopima.

Nichukue mfano niliouona kwa macho. Niliwahi kufanya kibarua kwenye kiwanda kimoja cha maji ya kunywa, mwanzo tulikuwa tunajaza kwa mkono, unaweka chupa chini ya bomba, unafungua koki, jicho liko kwenye shingo ya chupa, ikifika unafunga, mwenzako anakaza kifuniko, wa tatu anabandika lebo. Pampu ilikuwepo na ya umeme, ila ile sio otomesheni. Baadae ikaja laini mpya, chupa inapita kwenye mkanda inakatiza mwanga wa sensa, yaani kidude cha kuhisi kitu kikipita, sensa inapeleka taarifa kwenye kikompyuta kilichoko ndani ya paneli, mafundi wanakiita PLC, hicho ndo kinaamrisha valvu ifunguke na maji yakifika kiwango ifunge. Hakuna aliyeshika koki. Kazi ya lile jicho letu ndo ikawa imehamia kwenye paneli.

Hizo PLC zenyewe chanzo chake ni viwanda vya magari. Mwaka 1968 General Motors ya Marekani walikuwa wamechoka, kila wakibadilisha modeli inabidi mafundi wafumue mawaya ya paneli nzima na kuyafunga upya, wakataka kitu ambacho ukibadilisha programu tu kazi imeisha. Na ni hao hao ambao mwaka 1961 walishaweka roboti la Unimate kwenye kiwanda chao cha New Jersey, kazi yake kushika vipande vya chuma vya moto vikitoka tu kwenye kalibu. Hapo kwa kweli sina ubishi, kazi ya kuunguza watu mikono na mapafu bora ifanywe na chuma.

Faida nyingine niliiona pale pale kwenye maji. Sisi ikifika saa tatu usiku macho yamechoka, chupa moja imejaa, nyingine imepungua vidole viwili, na anayepunjwa ni mteja. Ile laini chupa ya asubuhi na ya usiku ni sawasawa, na inatoa mzigo mara nyingi zaidi ya tuliokuwa tunatoa.

Ila sasa, mashine inajua kile ilichoambiwa tu. Siku moja tone la gundi ya lebo liliganda kwenye kioo cha sensa, sensa ikawa inaona kuna chupa muda wote, laini nzima ikagoma, tukakaa zaidi ya masaa matatu tunamsubiri fundi atoke mjini aje kufuta kwa kitambaa!! Kazi ya mkono mtu mmoja akiugua wengine wanaendelea, kwenye otomesheni kidude kidogo kikigoma kiwanda kizima kimesimama, na umeme ukikatika ndo kabisa. Hata matajiri yamewakuta, mwaka 2018 Tesla, watengenezaji wa magari ya umeme, walikuwa na roboti la kupachika mkeka laini wa nyuzi juu ya betri, likawa linashindwa kuushika kila mara, ikabidi waling'oe, na bosi wao Elon Musk mwenyewe akakiri kwamba walizidisha otomesheni.

Na kuna la watu, ambalo kwangu ndo zito kuliko yote. Tulikuwa 14 kwenye shifti, wakabaki wanne. Kuna mama alikuwa anakaza vifuniko miaka tisa, aliambiwa getini asubuhi kwamba asirudi, na kwa kuwa ni kibarua hakupewa hata senti ya mkono wa kwaheri. Kericho kule Kenya nako mwezi Mei 2023 watu walichoma mashine za kuchumia chai, na zile wala hazijafika kwenye otomesheni, bado mtu ndo anaziendesha, ila mtu aliyepoteza mkate wake hawezi kukaa kupambanua hizo tofauti.

Wenye viwanda hupenda kusema vibarua hawana elimu ya kuendesha hivi vitu. Sikubali, maana kati ya wale wanne waliobaki mmoja alikuwa mbeba katoni wa darasa la saba, fundi alimfundisha miezi mitatu tu, leo anasoma skrini, anajua alama ipi ni ya presha na ipi ni ya valvu, na kitambaa cha kufutia sensa anacho mfukoni muda wote.