Krofti: shamba dogo la Uskoti na sheria inayolilinda

Krofti ni kipande kidogo cha ardhi ya kilimo katika nyanda za juu na visiwa vya Uskoti, mara nyingi hekta chache tu, ambacho kwa kawaida mkulima hukikodi kwa mwenye ardhi. Nyumba si krofti. Nyumba hujengwa juu yake. Krofti kadhaa hufanya kijiji, na kila kaya ina fungu lake katika malisho ya pamoja mlimani: ng'ombe kadhaa, kondoo kadhaa, basi.

Udogo huo haukuja wenyewe. Tangu mwishoni mwa karne ya 18, mabwana wa ardhi waliwaondoa wakulima mabondeni ili waingize kondoo, wakawasukumia wengi pwani, penye mawe na upepo. Huko walitakiwa vibarua wa kukata mwani na kuuchoma, maana majivu yake yaliuzwa kwa watengenezaji wa vioo na sabuni. Mtu mwenye shamba la kumshibisha angekataa kibarua hicho, kwa hiyo akapimiwa lisilomtosha. Biashara ya mwani ilianguka baada ya vita vya Napoleon, lakini watu walibaki kwenye vishamba vilevile, wakiishi kwa viazi, hadi ukungu ulipoviozesha mwaka 1846.

Juu ya njaa kulikuwa na hofu. Mpangaji aliweza kufukuzwa bila kosa lolote, na nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ikawa ya bwana. Huko Braes, kisiwani Skye, wanakijiji walinyang'anywa malisho ya mlima Ben Lee, wakagoma kulipa kodi mpaka warudishiwe. Aprili 1882 walimlazimisha tarishi wa mahakama azichome hati za kuwafukuza. Siku chache baadaye wakaja polisi wapatao 50 kutoka Glasgow, nao wakapokewa kwa mawe, wanawake wakiwa mstari wa mbele.

Serikali iliunda tume chini ya Lord Napier, iliyoanza vikao vyake papo hapo Braes, Mei 1883. Shahidi wa kwanza, Angus Stewart, kabla ya kueleza chochote aliomba ahakikishiwe kwamba hatafukuzwa kwa sababu ya maneno yake. Kwangu mimi, ombi hilo peke yake lilikuwa ushahidi tosha.

Sheria ya mwaka 1886 ndiyo iliyoipa krofti maana iliyo nayo leo: mkulima hafukuzwi ovyo, kodi hupangwa kwa haki, mtoto hurithi, na anayeondoka hulipwa fidia ya alichojenga. Dosari yake ni nzito, kwani haikurudisha ardhi iliyokwisha kuchukuliwa.

Tangu 1976 mkulima anaweza hata kuinunua krofti yake, kwa kawaida kwa bei ya kodi ya miaka 15. Ila sheria inamtaka aishi ndani ya kilomita 32 na ailime au aitumie kwa kazi nyingine yenye manufaa. Wengi wao bado wana ajira nyingine, kwa kuwa kondoo wachache hawalishi nyumba.